Jezi ya Kipa

Mdogo wangu Egidius ni dalali wa mchele hapa Ifakara. Anaweza kukuuzia mchele wa mwaka juzi huku akiapa kwamba umevunwa jana. Kwa hiyo sikushangaa aliposema jezi ya marehemu baba haihitaji uthibitisho.

"Dada Justa, kweli mtu anamthibitisha baba yake?" aliniuliza, miwani ya jua usoni, ingawa tulikuwa sebuleni.

Kuna mama mmoja Dar es Salaam, Jenifer, anayeuza kwa mnada vitu vya kale vya michezo. Aliiona picha ya jezi kwenye simu: ya kijani, kola imepauka, ya timu ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa iliyotwaa kombe la mkoa mwaka 1979. Ikija na barua ya mtu aliyekuwepo, ataianzishia bei ya juu. Ikija bila barua, ni fulana kuukuu tu.

Egidius alitaka iende bila barua. Mwoga mkubwa! Nilimwambia amezoea kuuza magunia yasiyofunguliwa, ndiyo maana anatetemeka. Baba yetu Wendelin alikuwa kipa, alidaka penalti mbili kwenye fainali, na ushahidi hauwezi kumdhuru. Wakwe zangu wa Mofu huniita binti wa kipa hadi leo. Jina hilo nalipenda kuliko langu.

Nikamkokota hadi Kisawasawa, kwa mama Scolastica aliyekuwa akifua jezi za timu ile. Njia nzima nilimsimanga kwa woga wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Namba ya mgongoni hakuitazama. Aliigeuza jezi ndani nje, akapapasa kwapani. Alituambia wafuaji walikuwa wakimshonea kila mchezaji uzi wa rangi yake, ili siku ya mechi wasizigombanie.

"Uzi mwekundu. Ndiyo yenyewe, ya fainali. Hii ilikuwa ya Obadia, kipa wetu. Zilipokuja jezi mpya, hizi tukapewa sisi wafuaji. Wendelin akachukua hii."

"Lakini kipa alikuwa Wendelin," nikasema.

"Nani kakwambia?" Alicheka bila ubaya. "Baba yenu alikuwa mfuaji mwenzangu. Mwanamume pekee kati yetu, na hakuna aliyemshinda kwa kung'arisha kola."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamsihi aandike tu kwamba jezi ilikuwa ya Wendelin, asitaje kufua. Yaani mimi, niliyekuwa nimemsema mtu asubuhi nzima kwa kuogopa ukweli.

Egidius alivua miwani.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Baba aliniambia kabla hajafa. Aliomba wewe usiambiwe. Alisema unavyojivunia kuwa binti wa kipa, utaumia." Akainama. "Basi amua wewe, dada. Iende na barua, au iende hivi hivi?"

Niliona aibu, na wala haikuwa ya kufua. Mzee yule alikuwa ameishi miaka yote hiyo akimwogopa binti yake mwenyewe.

Mama Scolastica alikuwa ameshashika kalamu. Nilimwambia aandike yote, na jina la mfuaji aliandike kwa herufi kubwa.