Chatu Aliyekataa Panya

Chatu alifika Ngulyati ndani ya mfuko wa salfeti, kwenye pikipiki, na Minza alimpokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mchanga. Alikuwa mdogo bado. Urefu wake haukuzidi sana mkono wa mtu mzima, unene wake kama kidole gumba, na madoa yake ya kahawia yaling'aa kama yamepakwa mafuta.

"Ni wako sasa, mayu," alisema mzee Machibya, akimwita mama kwa Kisukuma. Alikuwa kaka wa marehemu baba yake Minza, na ndiye kiongozi wa kundi lao la Bayeye, wale wacheza ngoma wanaoingia uwanjani na nyoka shingoni. "Kibali cha maliasili ninacho mimi. Kulea utalea wewe."

Minza alikuwa na miaka ishirini na sita. Mchana alishona nguo barazani, jioni alikwenda mazoezini. Kwa miaka minne alicheza mstari wa nyuma, akiitikia nyimbo na njuga miguuni, wanaume wakibeba nyoka mbele. Aliomba nyoka mara tatu, na mara tatu Machibya alicheka. Mwaka huu wakulima waliokuwa wakifyeka shamba kule Sapiwi walikuta watoto wa chatu, Machibya akaitwa awaondoe kabla hawajapigwa majembe. Minza aliomba tena. Safari hii mzee hakucheka.

Siku hiyo hakushona hata kifungo. Alimweka chatu kwenye beseni kubwa la plastiki sebuleni, akafunika kwa wavu, akaita majirani. Walikuja. Wenye moyo walimshika, wasio na moyo walipiga kelele wakiwa mlangoni. Minza alimvaa shingoni akazunguka naye uani, anacheka peke yake.

Mama yake, Mektilda, mwenyekiti wa jumuiya yao ya Kikatoliki, alitazama kutoka dirishani.

"Akitoka ndani ya hilo beseni," alisema, "nahamia kwa dada yangu."

Siku ya nne Minza alimpa kifaranga. Chatu alijikunja pembeni, kifaranga akamdonoa kichwani, Minza akamtoa kifaranga haraka. Siku ya saba alimwekea panya aliye hai, aliyenaswa stoo ya mpunga. Panya alizunguka beseni kama mwenye nyumba, halafu akaanza kunusa mkia wa chatu, na meno yake yalikuwa marefu. Naye akatolewa. Siku ya tisa, siku ya kumi, ya kumi na moja: hakula. Kila asubuhi Minza alimtoa, akampima kwa macho, akaona amekonda. Kila jioni alimbembeleza mikononi mpaka giza liingie.

Siku ya kumi na mbili Machibya alipita. Alimtazama chatu kwa muda.

"Nyoka asiyekula mikononi mwako hajakukubali," alisema. "Jumamosi nakuja. Nikikuta hajala, namrudisha porini bado ana nguvu za kutafuta mwenyewe. Ngoma ya mwaka huu utaitikia nyimbo."

"Baba, zimebaki siku sita tu."

"Yeye hajui siku. Anajua njaa."

Alipoondoka, Minza alikaa kwenye kiti cha cherehani. Kisha akachukua simu. Kule Sola, Maswa, kulikuwa na mama mmoja anaitwa Kwandu, mcheza ngoma wa kundi jingine, aliyekuwa amelea nyoka kwa miaka mingi. Walikutana mara moja tu kwenye mashindano, wakabadilishana namba. Minza alipiga, akaweka spika ili aandike.

"Mwadila, mayu," alisalimia.

"Mwadila. Nani mwenzangu?"

Minza akajieleza, akamwaga yote kwa pumzi moja. Alipomaliza, Kwandu akaanza kumuuliza.

"Analala wapi?"

"Kwenye beseni. Kubwa, ana nafasi nzuri."

"Liko wapi?"

"Sebuleni, karibu na mlango. Sakafu ya saruji."

"Wangapi wamemshika?"

Minza alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. "Wengi," alisema mwishowe.

Kwandu alicheka, lakini si kwa ubaya. "Mwanangu, wewe ungeolewa leo, ukawekwa kwenye ukumbi mtupu wenye baridi, kila anayepita anakushika shavu, halafu unaletewa sahani ina pembe na inakukimbiza. Ungekula?"

"Nisingekula."

"Basi. Huyo hajakukataa. Anaogopa. Mtafutie shimo, dogo, la giza, linalombana mbavu. Mweke penye joto. Maji yawepo. Halafu mwache. Siku tano usimguse, usimfunulie, usimwimbie. Siku ya sita mpe panya mdogo, asizidi unene wake, aliyekwisha kufa. Mpashe kwenye maji ya moto, mkaushe, mshike kwa koleo. Mtikise kidogo. Wewe mwenyewe usitikisike."

Minza alipokata simu, aliona mama yake amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mektilda aliingia ndani, akarudi na chungu cha zamani kilichomeguka mdomo, akakiweka chini mbali na beseni na kukisogeza kwa mguu.

"Hicho kina giza," alisema. "Na ukuta wa nyuma ya jiko una joto mchana kutwa. Ila chungu changu kikishaingia humo, nisikione tena kwenye mafiga."

Walihamisha kila kitu mchana ule. Chungu kililazwa ndani ya kreti ya mbao iliyofunikwa wavu na kitenge, kwenye chumba kidogo kilichopakana na jiko. Chatu aliachwa hapo, akachungulia mdomo wa chungu, akaingia kichwa, shingo, tumbo, mkia. Kwisha. Ilikuwa mara ya kwanza Minza kumwona akienda mahali kwa hiari yake.

Siku tano zile zilikuwa ndefu. Minza alishona sare ya shule, akapachika mikono nje ndani. Alipita mlango wa chumba kile mara ishirini kwa siku bila kuufungua. Jirani alipokuja kumwona nyoka, ni Mektilda aliyemzuia.

"Amepumzika," alisema, kwa sauti ileile aliyoitumia kuwazuia watu mlangoni padri akiwa na wageni.

Jumamosi saa kumi na moja jioni, Minza alikuwa na panya mdogo mtegoni, amekwisha kufa, na maji ya moto kwenye kopo. Alimpasha, akamkausha kwa kitambaa, akambana mkia kwa koleo la mkaa. Akafungua mlango, akapiga magoti, akakunja kitenge taratibu.

Ndipo aliposikia pikipiki ya Machibya ikizima uani. Mzee aliingia na mfuko wa salfeti mkononi, tayari kwa safari. Minza hakugeuka. Aliinua kiganja tu: hapo hapo. Machibya alivua viatu, akasimama. Nyuma yake Mektilda alichungulia juu ya bega lake.

Ndani ya chungu ulimi ulitoka. Ukarudi. Ukatoka tena, haraka zaidi. Kichwa kikafuata, polepole, kikiwa kimenyooka kuelekea kwa panya. Minza alimtikisa panya kidogo, kama alivyoambiwa. Yeye mwenyewe hakutikisika. Shingo ya chatu ikajikunja kama herufi S, na kila kitu kikasimama.

Pap!

Hakuona alivyoruka. Aliona tu koleo limevutwa, na chatu amejiviringisha mara tatu juu ya panya, amekaza kama kamba ya mzigo.

"Bikira Maria, amekamata!" Mektilda alipiga kelele, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Shh!" alisema Machibya, lakini naye alikuwa amemshika mkono shemeji yake kwa nguvu bila kujua.

Minza aliachia koleo taratibu. Walikaa pale karibu robo saa, watu watatu wazima, wamebanana mlangoni. Chatu alitafuta kichwa cha panya, akakipata, taya zikaachana, akaanza kumvuta ndani kidogo kidogo. Miguu ya mbele ikapotea. Ya nyuma ikapotea.

"Bado mkia," alinong'ona Mektilda. "Bado... bado kidogo... umekwenda!"

Chatu alipiga miayo, akarudi chunguni na uvimbe tumboni.

"Usimshike siku nne," alisema Machibya, akikunja mfuko wake mtupu. "Akishatulia, mlete mazoezini. Mstari wa mbele."

Minza alitoka mbio hadi nyuma ya nyumba, ukingoni mwa shamba la pamba, akapiga vigelegele mpaka mbwa wa majirani wakabweka. Aliporudi, mama yake alikuwa barazani na simu sikioni, akimweleza dada yake.

"Mzima mzima!" alikuwa akisema, mkono mmoja hewani, vidole vikifumba na kufumbua. "Kichwa kwanza. Sikiliza nikuambie, kichwa kwanza!"