Dakika Tano Bila Kutazama

Tusajigwe alikuwa na vidole vyepesi na macho yasiyotulia. Vidole vilijua kazi yao: vya kushoto vilikaa kwenye A, S, D na F, vya kulia vikaanzia J, na vile vijipele viwili vya F na J alivipapasa bila shida. Macho ndiyo yaliyomwangusha. Kila alipokaribia P, au tarakimu, yalishuka kuhakikisha kwamba P haijahama tangu jana. Haikuwa imehama. Yakirudi kwenye karatasi hayakujua yalikuwa wapi, naye akaruka mstari mzima bila haya.

Hivyo ndivyo alivyokwama kwenye maneno thelathini na mawili kwa dakika, na makosa tele. Chama cha wakulima wa kakao pale Makwale kilikuwa kinatafuta mwandishi wa ofisi, na masharti yake yalikuwa magumu: dakika tano za kuchapa, maneno arobaini kwa kila dakika, na makosa yasizidi matano. Waombaji walikuwa wawili, yeye na Prisca wa Ikolo. Cheti cha uhazili Tusajigwe alikuwa nacho tangu kabla hajaolewa, lakini kwa miaka minne kilikuwa kimelala sandukuni huku yeye akigeuza kakao juani. Aliitaka kazi ile kuliko alivyothubutu kusema. Alitaka meza yake mwenyewe, na mlango ambao watu wangebisha hodi wakimtafuta yeye.

Aliyekuwa akimnoa ni Georgina, mwalimu wa kompyuta aliyehamishiwa Kyela kutoka Bukoba, mwanamke asiyejua kubembeleza.

"Unakimbilia wapi?" alimuuliza. "Shuka hadi maneno ishirini na tano, upige wiki nzima bila kosa. Kasi itakuja yenyewe. Na hayo macho yabaki kwenye karatasi."

"Yanashuka yenyewe, mwalimu."

Georgina akafikiri kidogo. "Hivi baba mkwe wako umewahi kumtazama usoni?"

Tusajigwe alishtuka. Siku hizi wengi wameuacha mwiko huo, lakini nyumbani kwa Mzee Anyisile ulikuwa bado na nguvu zake. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye, na mzee mwenyewe hukohoa kabla ya kuingia uani ili mkwe apate kupisha. Miaka minne Tusajigwe alikuwa amempikia wali na kumfulia mashati, na bado asingeweza kukuambia kama ana masharubu.

"Sijawahi," alisema.

"Basi hiyo kibodi ndiyo baba mkwe."

Walicheka wote wawili, lakini dawa iliingia. Macho yakitaka kushuka, yaliona haya yakarudi. Hata kidole cha mwisho cha kulia, kile kivivu, kikajifunza kuifikia P bila kusindikizwa. Wiki ya tano alipiga maneno arobaini na moja kwa makosa manne, akarudi nyumbani akiimba.

Kuna jambo moja hakulifikiria. Mwenyekiti wa chama alikuwa Mzee Anyisile huyo huyo. Mzee alikwisha kuiambia kamati kwamba hatapiga kura wala kuhesabu makosa, kwa kuwa mwombaji mmoja ni mkwe wake. Tusajigwe alisikia hayo na akadhani hatakuja. Kumbe katiba ya chama ilimtaka awepo.

Siku ya mtihani Prisca alitangulia. Alipata maneno arobaini na mawili kwa makosa matano, akatoka akijipepea. Tusajigwe akaketi, karatasi ikaegeshwa mbele yake, kisha mlangoni akasikia kikohozi anachokijua. Hapakuwa na pa kupisha. Mzee akaingia na kuketi kwenye kiti cha mwenyekiti, nyuma tu ya ile karatasi.

Georgina, ambaye kamati ilimwomba asimamie mtihani na kuhesabu makosa, alimpa dakika moja ya kupasha vidole moto. Macho yakipanda kwenye karatasi, yalikutana na magoti ya mzee. Yakishuka, yalikutana na kibodi. Baba wakwe wawili, na macho hayana pa kwenda. Alichochapa dakika ile hakikuwa Kiswahili wala Kinyakyusa, na moyo ulimuuma, maana alijiona akirudi kwenye kakao yake.

"Hiyo haihesabiwi," alisema Georgina, naye uso ulikuwa umemshuka. "Sasa ndiyo yenyewe."

Mzee Anyisile akakohoa. Akasimama, akakigeuza kiti, akaketi akiutazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu.

"Mwenyekiti, umechukia?" aliuliza Amon, mjumbe wa kamati.

"Nasoma kalenda. Endeleeni."

Kalenda ilikuwa ya mwaka juzi. Mzee aliisoma kwa dakika tano nzima, na nyuma yake vidole vilitembea kwa mwendo mmoja, bila papara.

"Maneno arobaini na manne," Georgina alisema alipomaliza kuhesabu. "Makosa mawili. Kazi ni ya Tusajigwe."

Ndipo Tusajigwe akainua macho, na mbele yake kulikuwa na kisogo chenye mvi na kola ya shati la kijivu. Kola ile aliijua. Aliishona mwenyewe kwa uzi mweupe, kwa kuwa wa kijivu ulikuwa umekwisha, na akajua mzee atalitupa shati. Hakuwa amelitupa. Amelivaa kwenye kikao cha chama. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kisogo nacho ni mwiko, basi akakitazama hadi machozi yakamlenga.

"Ndaga fijo," Mzee Anyisile aliishukuru kalenda, taratibu.

Tusajigwe akakusanya karatasi zake na kutoka haraka, maana mzee asingeweza kugeuka mpaka yeye apishe.