Nyota Ikiishiwa Ndani

Swali la Yoakimu lilinikera kwa sababu lilikuwa zuri.

"Mwalimu, chakula kikiisha mtu anakonda. Sasa nyota, mafuta yake yakiisha, inanenepaje?"

Kidato cha nne kizima kikanitazama. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Fizikia nimebebeshwa tu. Nikasema tutaendelea kesho, nikaondoka na kitabu kwapani, nimenuna.

Nyumbani Gitting nilikaa uani na Benedikta, mtoto wa miaka miwili wa dada yangu mdogo, Natalia. Natalia yuko Basotu anauza samaki, alituachia mimi na mama tumlee, nasi tulijivunia kazi yetu. Mashavu yamejaa, miguu imejaa, majirani wanatusifu. Ila siku hizo alikuwa hachezi, analialia tu. Mama alisema amemkumbuka mama yake.

Nikasoma. Katikati ya nyota haidrojeni inaungana kuwa heli, na humo ndimo joto linamotoka. Haidrojeni ya kiini ikiisha, kiini kinasinyaa na kuzidi kuchemka. Haidrojeni inayokizunguka inawaka kwa fujo, tabaka za nje zinavimba, zinapoa, zinakuwa nyekundu. Hilo ndilo jitu jekundu. Baadaye heli nayo inaungana, inakuwa kaboni na oksijeni. Nilisoma mara tatu. Inasinyaa na inavimba, inachemka na inapoa, kichwa kilinizunguka. Mwishowe nikaandika sentensi moja ya ubaoni: Nyota hii hainenepi, inavimba, kwa sababu ndani imeishiwa.

Nikamtazama Benedikta.

Nywele zake zilikuwa zimeanza wekundu. Sisi tulisema ni jua. Nikambonyeza mguu kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki pale pale. Nikabonyeza mguu wa pili, nikiomba niwe nimekosea. Sijawahi kuogopa vile.

Nilimbeba mbiombio hadi zahanati.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mwalimu. Anakula nini huyu?"

"Uji wa mahindi na sukari. Asubuhi, mchana, jioni."

"Maharage? Maziwa? Yai?"

Nikatikisa kichwa. Ng'ombe wetu alikufa kiangazi, na mtoto alikuwa anashiba, tukaona inatosha.

"Huu ni unyafuzi, tumbo linashiba ila mwili umekosa protini," alisema nesi Judith, akiandika barua ya kutupeleka hospitali. "Hujachelewa sana. Ila usishangae, wakianza kumtibu uzito utashuka kwanza. Ni maji yanatoka mwilini."

Nikampigia Natalia simu pale pale nje ya zahanati, mtoto akiwa begani.

"Kaka, si juzi umenitumia picha? Si amenenepa?"

"Amevimba, Natalia. Njoo hospitali. Na ukimkuta amekonda usilie, ndiyo anapona."

"Sikuelewi, kaka. Anaumwa amenenepa, anapona amekonda?"

"Ndiyo."

"Na wewe mwalimu ulikuwa unamwangalia nini?"

"Nilikuwa namwona kila siku," nikamwambia.