Donge la Daima Daima

Nuhad alikuwa mwanamke wa kujihami. Jua liwake vipi, yeye atatoka na mwavuli. Mgeni akisema anakuja peke yake, yeye atapika sufuria ya kulisha harusi. Mumewe, Tannus, alizoea kumtania kwamba hata mbinguni ataingia na ufunguo wa akiba, asije akakuta Petro Mtakatifu kapitiwa na usingizi. Nuhad hakujali. Kusali alisali, tena kwa moyo wote, ila akishasema amina alikunja mikono ya gauni na kwenda kumsaidia Mungu kazi, maana aliona Mungu ana watu wengi wa kuwashughulikia.

Mwaka ule alikuwa na ombi moja tu: mama mkwe wake akubali kupasuliwa moyo.

Mama Wadad ndiye aliyewaokea mikate watu wa kijiji kile cha mlimani tangu ujana wake, mpaka moyo ulipomgomea. Vali moja, kilango cha kupitishia damu, ilikuwa imechoka. Akipanda ngazi za baraza husimama katikati, mkono kifuani, anahema huku akijifanya anaangalia mandhari. Daktari wa Beirut alisema wazi kwamba asipopasuliwa kabla baridi haijaisha, aprikoti za mwaka huu hatazionja. Tannus alifoka, Nuhad alilia, majirani walikuja mmoja mmoja kutoa nasaha wakaondoka wameshiba kahawa. Mama Wadad alikataa katakata. Nuhad aliyekuwa akimkanda miguu jioni alijua kwamba si ukaidi. Ni hofu. Na yeye aliyempoteza mama yake mzazi angali msichana, akampata Wadad siku ya arusi yake, alikuwa akiogopa maradufu.

Basi mkesha wa sikukuu ya Ubatizo wa Bwana ukakaribia, na bibi akatoa neno lake.

Katika milima ile kila mtu anajua kwamba mkesha huo Kristo hupita nyumba kwa nyumba. Watu humwamkia, "Daima, daima!", yaani wewe ndiwe udumuye, na milango haifungwi. Miti yote humwinamia, isipokuwa mforosadi wenye kiburi. Kina mama hukanda unga kwa maji matupu, bila hamira, wakalifunga donge kwenye kitambaa na kulitundika mtini, mti wowote isipokuwa huo wenye kiburi. Akipita akalibariki, asubuhi hukutwa limeumuka lenyewe.

"Mwaka juzi donge letu lilikataa," alisema Mama Wadad, akiwa kwenye kiti chake kando ya jiko la kuni. "Lilitoka mtini kama lilivyopanda, gumu. Na kabla hatujachuma zeituni nikamzika baba yenu. Sasa sikilizeni. Likiumuka mwaka huu, nitajua amepita kwetu, nami nitakwenda huko Beirut wanipasue watakavyo. Lisipoumuka, mniache nife kitandani kwangu, na mtu asinipigie kelele."

"Mama, Mungu si donge!" Tannus akamaka.

"Nani kasema ni donge? Nimesema atanijibu kwa donge. Mimi na yeye tumezungumza kwa unga maisha yangu yote. Wewe uliyeshindwa hata kuamka Jumapili unanifundisha nini?"

Tannus akakuna kichwa. Nuhad naye, kichwani mwake, alikuwa tayari ameshafika kabatini, kwenye kopo la hamira.

Jioni ya mkesha akakanda. Nje barafu ilikuwa imeganda barazani, baridi ambayo hata hamira yenyewe ingeomba blanketi. Akamtupia jicho mama mkwe, akamwona amefumba macho. Akachota kijiko, akakitumbukiza upesi, akakanda kwa nguvu huku masikio yakimwaka moto kwa haya.

"Bwana, nisamehe," alinong'ona. "Wewe nakuamini. Ninayemwogopa ni baridi."

"Unasemaje, mwanangu?"

"Nasali, Mama."

"Vizuri. Ukimaliza lete hilo donge nilitie ishara ya msalaba. Na nenda chumbani kaniletee shali, mgongo unaganda."

Shali lilikuwa halionekani, Nuhad akalitafuta mpaka chini ya mito. Aliporudi alikuta donge limeshafungwa kwenye kitambaa cheupe, na bibi amelikumbatia mapajani, midomo inachezacheza kwa sala. Machozi yalimlenga. Alijiona mwizi mbele ya mtakatifu.

Kulitundika ilikuwa kazi ya Tannus. Akatoka nalo kwenda kwenye mkomamanga ulio kando ya mlango, akakawia, akakawia, hata Nuhad akadhani ameteleza. Mwishowe akaingia akisugua viganja.

"Tayari," alisema, akapita moja kwa moja bila kumtazama mtu.

Asubuhi Nuhad alikuwa wa kwanza kufungua mlango, na macho yakamtoka. Donge halikuwa pale lilipotundikwa miaka yote. Tawi lilikuwa limevutwa kwa kamba mpaka juu ya mlango, pale pale bomba la jiko linapotolea moshi wake wa moto. Na donge lenyewe, Yesu na Maria! Lilikuwa limevimba, limepasua kitambaa, limetoka huku na huku, sasa linaning'inia juu ya kizingiti likitafuta pa kwenda.

Hajapata hata kuita, Abuna Nimatallah, padri wa kijiji, akatokea njiani na kindoo chake cha maji ya baraka. Asubuhi ya Ubatizo huwa anabariki nyumba zote, na huanza na ya Mama Wadad kwa sababu ya kaimati zake. Akapanda baraza kwa furaha, akachovya kitawi cha mzeituni, akasimama mlangoni na kuinua mkono.

"Daima, daima!"

Donge likaitika. Lilimwangukia begani pu! nusu likabaki kwenye ndevu, nusu likateremka kwenye joho jeusi.

Padri hakusogea. Alijitazama bega, akamtazama Nuhad, akatazama juu.

"Leo ni Ubatizo wa Bwana," alisema taratibu. "Kwa kweli nilikuwa nikitazamia njiwa."

Nuhad aliziba mdomo kwa aproni, lakini kicheko kilishatoka. Tannus akaja na soksi tu miguuni, akaona, akalazimika kushika mlango asianguke. Nyuma yao akaja Mama Wadad, pole pole, na shali lake. Macho yake yalikwenda kwenye donge na uso ukamng'aa kama wa msichana. Kisha ule mng'ao ukasita. Akasogea, akanyofoa kipande begani mwa padri, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Hamira," alisema.

Nuhad alitamani sakafu impasukie. "Mama, nisamehe. Ni mimi. Nilitia kijiko. Kimoja tu, Mama, naapa."

"Kijiko kimoja hakimfanyi padri hivi." Akamgeukia mwanawe.

"Mimi sikutia kitu!" Tannus aliinua mikono. "Nililisogeza tu karibu na bomba. Nilihofia litapata mafua."

"Basi hamira nyingine imetoka wapi?" aliuliza Nuhad.

Wote wakamtazama Mama Wadad, naye akawa anatazama picha ya Bikira ukutani kana kwamba ndiyo kwanza ameiona.

"Mama?" alisema Tannus.

"Ilikuwa mfukoni mwa aproni," alisema bibi. "Mwenzako alipokwenda kutafuta shali. Nilikuwa nimelikalia hilo shali, ndiyo maana hakuliona."

Jamani, walicheka! Abuna alicheka hadi maji ya baraka yakamwagika kwenye viatu vyake. Tannus aliketi sakafuni. Mama Wadad alicheka zaidi ya wote, mpaka pumzi ikamkatika, akashika kifua, rangi ikampotea. Kicheko kikafa papo hapo. Nuhad alimkamata, akamkalisha, akampa maji. Ikachukua muda mpaka pumzi ikarudi.

"Sasa hatujui," alisema Mama Wadad kwa sauti ndogo. "Amepita au hakupita, hatutajua. Hatukumwachia hata nafasi."

Hapo Nuhad alishindwa kuvumilia. Alipiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwake, akalia bila kujali padri wala mume.

"Naogopa, Mama. Usiku nakuja mlangoni kwako kusikiliza kama unapumua. Namwomba Mungu, kisha naona kama amekawia, nashika kazi mwenyewe. Siwezi kukaa mikono mitupu nikakungoja ufe." Akainua uso kwa padri. "Abuna, mwambie basi. Mwambie limeumuka, hata kama ni hamira. Mwambie ni ishara, atakusikiliza wewe."

Abuna Nimatallah alifuta ndevu. Ilionekana anatamani sana kusema ndiyo.

"Binti yangu," alisema, "nikisema hivyo, nami nitakuwa nimetia kijiko changu."

Nuhad alikuwa bado na maneno. Alikuwa nayo tele: ya kubembeleza, ya kutisha, ya kumkumbusha bibi maneno ya daktari. Yote yalikuwa yamempanda hadi kooni. Akayameza, na katika maisha yake hakuwahi kumeza kitu kigumu vile.

"Sina la kuongeza, Mama," alisema. "Ukienda nakupenda. Ukikaa nakupenda. Uko mikononi mwake, si mwangu."

Mama Wadad alimpapasa nywele muda mrefu. Donge lilikuwa bado linadondoka mlangoni, kipande kwa kipande.

"Mnajua," alisema mwishowe, "nilitaka anionyeshe kwanza, halafu ndiyo nimwamini. Nimejipikia jibu mwenyewe, nikakaa kumngoja aniletee. Mwanamke mzima mimi!" Akavuta pumzi fupi. "Naogopa, jamani. Lakini siku niliyoolewa hakunionyesha kitu. Siku niliyomzaa huyu bwege hakunionyesha kitu. Siku niliyomzika baba yenu Nakhle pia, na bado nikaamka kesho yake nikakuta yupo. Tannus, wapigie simu."

"Akina nani?"

"Hao wenye visu! Upesi, kabla sijabadili nia. Na wewe Nuhad, inuka, weka mafuta jikoni. Hamira yote hii ikipotea itakuwa dhambi ya pili."

Walikaanga kaimati asubuhi ile mpaka majirani wakafuata harufu. Zilivimba kuliko za miaka yote, nyepesi, zinapasuka mdomoni na kumwaga shira. Abuna alikula akiwa na donge lililokauka begani, akakataa kulipangusa, akisema anataka nyumba nyingine waulize. Nuhad alikula, akalia, akacheka, akala tena.

Siku ya kwenda Beirut ilipofika alifunga mizigo kama anayehama: blanketi, viatu vya ndani, supu kwenye chupa, maji ya baraka, soksi za kila aina. Hospitalini wauguzi walivikataa vyote mlangoni. Alibaki ameshika ukingo wa kitanda chenye magurudumu, anatembea nacho ukumbini, mpaka wakafika kwenye mlango ambao ndugu hawavuki.

"Achia, roho yangu," alisema Mama Wadad.

Nuhad aliachia kidole kimoja kimoja. Mlango ukafungwa. Akaketi kwenye kiti cha plastiki palepale ukutani, akatafuta ndani yake jambo la kufanya, kama kawaida yake, asilione. Hapakuwa na wa kumpigia simu, wala sufuria, wala kopo kabatini.

"Bwana, ni wako," alisema. Hakuongeza neno. Akaegemeza kichwa ukutani.

Alichosikia baadaye ni Tannus akimtikisa bega. "Amka! Amka, mke wangu, watu wa ukumbi mzima wanakulalamikia." Machozi yalikuwa yakimtiririka Tannus mpaka kwenye masharubu, na nyuma yake alisimama daktari, kofia mkononi, anatabasamu. Nuhad aliuliza mara mbili, akaambiwa mara mbili, kisha akamkumbatia daktari wa watu kwa nguvu mpaka mwenyewe akaomba aachiwe.

Walipomruhusu kuingia kumwona, Mama Wadad alikuwa na mirija kila mahali na sauti nyembamba kama uzi, lakini ulimi ulikuwa ule ule.

"Mkamwana mzuri ninaye," alisema. "Mimi nachanwa kifua, yeye anakoroma."

Nuhad alishikwa na haya hadi shingoni. "Nani kakwambia? Tannus, eti?"

"Nani aniambie? Nilikusikia mwenyewe. Waliniweka nyuma ya ule mlango nikingoja zamu, peke yangu, natetemeka, nimesahau hata Baba Yetu. Nilikuwa karibu kuwaambia wanirudishe nyumbani. Mara nikasikia mtu anakoroma upande wa pili. Nikasema, mkoromo huu naujua." Alitafuta mkono wa Nuhad juu ya shuka, akaupata. "Nikamwambia Bwana: ikiwa huyu ameweza kulala, hata mimi naweza. Nikafumba macho."