Mtungi Ulio Chini ya Nailoni

Kila asubuhi, kabla hata hajavaa aproni, mke wa Shoto alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya mwisho, akafungua kamba, akaivua nailoni pole pole na kuutoa mtungi wa marehemu mumewe. Aliuweka juu ya kigurudumu kidogo cha kuzungusha kwa mkono, akaupulizia maji kwa chupa, kisha akafumba macho na kutumbukiza mkono ndani. Kwa mkono wa kushoto aliuzungusha mtungi, na vidole vya mkono wa kulia vikapita kwenye mifereji aliyoiacha mumewe, kutoka chini mpaka mdomoni. Siku yake ilianzia hapo, na kusema kweli iliishia hapo hapo, maana mengine yote mpaka jioni aliyafanya kwa mazoea tu.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Sakafu ya saruji ilikuwa imegeuka nyeupe kwa vumbi la udongo, magurudumu manne yalipangwa kando ya ukuta, na mlango wa nyuma ulitokea uani kwenye tanuri. Waliobaki walikuwa watatu. Mke wa Shoto alitengeneza sahani. Moshi, mwanamume mnene mwenye kelele, alisimamia tanuri na kuwatania watu hata msibani. Wa tatu alikuwa mwanamke waliyemwita Vikombe, kwa sababu tangu wamjue hajawahi kutengeneza kitu kingine. Gurudumu la nne lilikuwa la Shoto, na bado lilikuwa pale, limefunikwa shuka.

Wafinyanzi ni watu wagomvi, asikudanganye mtu. Watanuniana wiki nzima kwa ajili ya sifongo, au kwa sababu kuna mtu kaacha waya wa kukatia udongo ukiwa na matope. Lakini jambo moja hawa hawakuligombania kamwe: kazi iliyofunikwa nailoni haiguswi na asiye mwenyewe. Nailoni ikifungwa, maana yake mwenye kazi hajamalizana nayo. Jengo likishika moto wangeokoa vitu vyao, na vya mwenzao wangevitoa na nailoni yake juu.

Shoto alifunga nailoni ile mwenyewe. Jioni hiyo alikuwa ameupandisha mtungi mkubwa kuliko yote aliyowahi kufanya, akasema atalainisha ndani kesho, akatoka uani kuchukua mfuko wa udongo, akaangukia pale pale. Moyo, walisema hospitali. Ndani ya vyombo vyake vyote vingine alikuwa akipitisha kibao mpaka alama za vidole zinafutika, unadhani vimetoka kiwandani. Kwa hiyo duniani kote kilibaki chombo kimoja tu chenye vidole vyake, nacho kilikuwa kibichi.

Mkewe aliamua kibaki kibichi. Yeye mfinyanzi, alijua kinachofuata: udongo ukikauka hunywea, ukichomwa hunywea tena, na mifereji ile ingekuwa myembamba, migumu, isiyoingilika. Wakati huu bado ilikuwa laini na baridi, na vidole vyake vilikaa ndani yake. Mvua zikaja zikaenda, yeye anapulizia maji tu.

Kisha wifi yake, dada mdogo wa Shoto, akapiga simu.

"Wifi, mama hali yake siyo nzuri," alisema. "Macho ndiyo hivyo tena, haoni kabisa. Anakuulizia ule mtungi."

"Upo."

"Najua upo. Anataka aushike. Nimempelekea bakuli la kaka lile la bluu, kalirudisha. Anasema hili ni bakuli tu. Anataka ule uliotuambia una vidole vyake."

"Bado mbichi, wifi."

"Miezi yote hiyo bado mbichi? Udongo gani huo, wifi yangu?"

Mke wa Shoto aliona haya, halafu akakasirika, halafu akamfikiria yule mama mkwe amekaa kitandani mikono imelala mapajani haina cha kushika. Akamwambia wifi yake aje kesho yake auone, kisha waanze kuukausha taratibu wauchome. Alipokata simu alikaa kwenye kigoda chake akalia kama siku ya kwanza. Vikombe alimletea chai, akaiweka karibu naye, akarudi kwenye gurudumu lake bila kuuliza kitu.

Asubuhi iliyofuata hakupulizia maji. Kabla chombo hakijaanza kukaushwa ni lazima kikaguliwe nyufa, maana ufa mdogo kama unywele ukiingia tanurini utakipasua na kuharibu na vya wenzako. Akaazima tochi ya Moshi, akamulika ndani. Ndiyo kwanza anatazama ndani ya mtungi ule. Siku zote alikuwa ameushika tu, macho kayafumba.

Nyufa hazikuwepo. Mifereji ilikuwepo, safi, imepangana vizuri, inapanda kwa mzunguko kutoka chini mpaka mdomoni. Ilipanda ikielekea kulia.

Alizima tochi. Akaiwasha tena.

Shoto hawakumpa jina hilo bure. Alitumia mkono wa kushoto, na gurudumu lake lilizunguka kinyume na ya wenzake wote. Kila alichokifinyanga, kabla hajakilainisha, mifereji yake ilipanda kuelekea kushoto. Moshi hakuchoka kumtania kwamba vyungu vyake vimevaa shati nyuma mbele. Katika karakana ile hapakuwa na mtu mwingine ambaye mifereji yake ilielekea kushoto.

Mke wa Shoto akaingiza mkono. Vidole vilikaa barabara, kila kimoja mahali pake, na sasa akaelewa kwa nini vilikaa barabara. Udongo aliokuwa akiulowesha ulikuwa ukipokea mkono wake. Kila asubuhi alikuwa akiuzungusha mtungi kwa upande wake yeye, akipitisha vidole vyake yeye, akibonyeza kidogo tu, kama mtu anavyobonyeza mkono wa mgonjwa kumjulisha kwamba yupo. Kidogo tu, kila siku, mpaka akamfuta mumewe wote kutoka chini hadi juu.

Aligeuka, akawaona Moshi na Vikombe wameacha kazi wanamtazama, na nyuso zao hazikuwa na mshangao.

"Mlijua?" aliuliza.

Moshi, mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema, alivua kofia yake akaikunja kunja.

"Tuliona, shemeji. Kuna siku ulipigiwa simu ukatoka nje mbio, ukauacha wazi. Hatukugusa. Tuliona tu."

"Siku gani?"

"Zamani. Zamani kidogo." Akaelekeza kofia kwenye mtungi. "Chini kulikuwa kumeshageuka. Huku juu, karibu na mdomo, mifereji yake ilikuwa bado ipo."

"Ilikuwepo?"

"Nusu hivi, shemeji."

"Nusu!" Sauti ilimtoka mpaka wa duka la mbele wakanyamaza. "Mlikuwa na nusu ya mume wangu hapo rafuni, mkanyamaza? Si mngeniambia siku hiyo hiyo! Ningeukausha, ningeuchoma, ningekuwa nao leo. Nusu ingenitosha. Hata kidole kimoja kingenitosha!"

"Tungekwambiaje, dada?" Vikombe alisema huku analia. "Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kula. Kila ukiutoa mtungi unarudi unaongea na sisi. Tukasema tukimwambia atakufa na huyu."

"Na chombo cha mtu chenye nailoni," Moshi aliongeza kwa sauti ndogo, "unajua mwenyewe tulivyokubaliana."

Alijua. Alitaka awatukane, lakini hakuona tusi linalowafaa. Walimpenda, na kwa mapenzi hayo wakakaa wakitazama mumewe anafutika, asubuhi baada ya asubuhi, wakampikia na chai. Na wao hata hawakuwa wamegusa. Aliyegusa ni yeye. Alitafuta mtu wa kumlaumu pale chumbani akajikuta peke yake.

Wifi yake alifika jua likiwa limeshapanda, mkoba begani, viatu amevivua mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue. Alikuwa mfanyakazi wa benki. Udongo aliujua kwa kuufuta kwenye viatu. Alisalimia wote, akakumbatiana na wifi yake, akaona macho yake yamevimba, akadhani ni kwa sababu ile ile aliyonayo yeye.

"Ndiyo huu?"

"Ndiyo huu."

"Naruhusiwa?"

Mke wa Shoto akasogea kumpisha. Wifi akakunja mkono wa blauzi, akaingiza mkono taratibu, kama anayetafuta kitu mfukoni mwa mtu aliyelala. Halafu uso ukamkunjuka, akaanza kucheka na machozi yakimtiririka.

"Huyu hapa," alisema. "Jamani, huyu hapa. Vidole vyake hivi, virefu hivi. Tulipokuwa wadogo alikuwa akinishika mkono tukivuka barabara, nilikuwa navisikia hivi hivi." Akageuka. "Si ndiyo yeye, wifi?"

Moshi aliangalia sakafu. Vikombe aliziba mdomo kwa kiganja chenye matope.

Mke wa Shoto alimtazama wifi yake. Neno lilikuwa mdomoni, lile lile ambalo hao wawili walilimeza, lile alilowapigia kelele asubuhi hiyo kwa kulimeza. Lilikuwa jepesi kulisema. Angelisema, na wifi yake angeutoa mkono ule akiwa hana kitu, akarudi kwa mama asiye na macho akamwambie kwamba hata hicho hakipo. Kisha wangekuwa wanne wenye kujua, na isingemsaidia hata mmoja.

"Ndiyo yeye, wifi," alisema.

"Mama atapona, wallahi." Wifi alijifuta machozi kwa bega, mkono bado umo ndani. Kisha akainama akiuzunguka mtungi. "Mbona hauna alama yake? Vyake vyote vina ile alama pale ubavuni karibu na kitako, kijiti na nukta mbili. Mama huitafuta kwa kidole, ndipo anajua ni cha mwanawe."

"Alikuwa akiiweka mwisho kabisa," Moshi alisema. "Hakuwahi."

"Basi si muiweke nyinyi? Mnaijua."

Moshi alikuwa tayari ameokota sindano ya kuchorea, kwa mazoea ya kazi, lakini alipoona alichoshika akataka kuirudisha mezani. Mke wa Shoto alimnyang'anya. Alipiga magoti kwenye saruji, akaushika mtungi kwa mkono mmoja. Alichora kijiti kutoka juu kwenda chini, kimeinama kidogo kama mumewe alivyokiinamisha, akatoboa nukta mbili pembeni. Ilitoka sawa mara ya kwanza, wala mkono haukumtetemeka, na jambo hilo lilimtisha kuliko yote ya siku ile.

Wifi akachuchumaa karibu yake, akapitisha kidole juu ya alama.

"Hasa," alisema. "Yenyewe hasa. Asante, wifi yangu. Mungu akuweke."

Walimsindikiza mpaka barabarani. Waliporudi, Moshi alikwenda uani kufagia tanuri lililokuwa safi, na Vikombe akakaa mbele ya gurudumu lake bila kulizungusha. Mke wa Shoto aliinama kwenye ndoo akanawa mikono. Aliisugua kwa sabuni, akaisuuza, akaisugua tena mpaka kwenye viwiko. Siku chache baadaye mtungi ungekuwa mkavu, ungechomwa, ungewekwa mapajani mwa mama mkwe, na ajuza yule angeishika mikono hii akiamini ni ya mwanawe, mpaka siku yake ya mwisho.