Mashine Isiyozimika

Lynette Andati alikuwa ameahidi kupima kitu kimoja tu: dakika ambazo kila kompyuta ingefanya kazi bila kuzimika. Ahadi hiyo ilikuwa kwenye ukurasa wa tisa wa pendekezo lake la utafiti wa shahada ya uzamili, chini yake sahihi ya msimamizi. Vifaranga hawakutajwa popote.

Kompyuta zilikuwa mbili, kila moja ndogo kama pakiti ya majani chai, zimefungwa kwenye mashine mbili za kuangulia mayai nyumbani kwa Mildred, Navakholo. Mildred alikuwa dada ya babake Lynette, na Lynette alimwita senje, kama shangazi wa upande wa baba anavyoitwa kwao. Kila mashine ilibeba mayai mia mbili na arobaini ya kuku wa kienyeji. Vifaa vilikuwa vilevile: sensa ya kupima joto na unyevu, hita, feni, mota ya kugeuza trei, taa ya kijani, na king'ora chenye betri yake, ambacho kingelia endapo kompyuta ingekaa dakika nzima bila kukipa ishara kwamba iko hai.

Kilichotofautiana ni kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayogawia programu nyingine kumbukumbu na zamu za kazi. Mashine ya kwanza ilitumia kerneli ya kipande kimoja. Humo, kila draiva, yaani programu inayozungumza na kifaa fulani, hukaa ndani ya kerneli yenyewe, na zote hutumia kumbukumbu moja kwa mamlaka yaleyale. Mambo huenda haraka kwa kuwa hakuna anayembishia mwenzake hodi. Lakini draiva moja ikikosea, inaweza kuandika juu ya mali ya jirani na kuangusha kila kitu. Mashine ya pili ilitumia kerneli ndogo. Hiyo hubakiza kazi chache tu. Draiva zimetolewa nje, kila moja katika chumba chake, na hupelekeana ujumbe. Moja ikifa, programu ya ulinzi huiwasha upya na nyingine zinaendelea. Ujumbe hula muda, ila hita ya mayai haina haraka.

Lynette aliamini kerneli ndogo. Msimamizi wake, Dkt. Wanzala, aliyefundisha mifumo ya kompyuta kwa miaka kumi na saba, hakuiamini.

"Bi. Lynette, unajenga nyumba yenye ukuta kati ya kitanda na mto," alimwambia siku ya kwanza.

"Ukuta haumuumizi mtu, Daktari."

"Mpaka atake kulala. Wengine wamechanganya, nusu ndani, nusu nje, na hata hao bado wanagombana. Haya, nenda kapime. Mimi nitasaini nambari, sisaini imani."

Lynette aliipenda kauli hiyo. Naye hakuwa mtu wa imani.

Kabla ya kuondoka Navakholo alimpa senje wake maagizo mawili. La kwanza, taa ya kijani ikiwaka, kila kitu ki sawa. La pili, mlango wa mashine usifunguliwe, kwa sababu hewa ya nje ingeharibu vipimo.

Mildred alikuwa ameangua mayai miaka ishirini, kwanza kwa kuku, kisha kwa sanduku la mbao lenye taa ya mafuta. Alikuwa na kawaida ya kuchukua yai moja na kuligusisha kwenye ukope wa jicho lililofumbwa. Ngozi ya ukope, alisema, haidanganyikangi.

"Sasa nitalijuaje joto na umenifungia mlango?"

"Litaandikwa kwa skrini, senje."

"Haya. Wewe ndiye umesoma."

Siku ya kumi na nane, saa nne na dakika kumi na tano asubuhi, Lynette alikuwa Kakamega mjini, akipiga chapa sura ya tatu kwenye maktaba ya chuo, simu ilipoita.

"Mashine yako ya kwanza inalia kama mbuzi wa harusi," Mildred alisema. "Nilikuwa nje naanika mahindi. Imekufa kabisa. Skrini nyeusi."

"Na ya pili?"

"Hiyo iko na kijani yake. Imenyamaza."

Lynette alijua aibu ya kufurahi wakati kama huo, na akafurahi hata hivyo. Ndicho alichokuwa ametabiri.

Alipofika, saa saba na robo mchana, Mildred alikuwa ameshaokoa mashine ya kwanza kwa namna yake. Alikuwa amepanga chupa nne za maji moto kati ya trei, akaziba matundu kwa gunia, na kila nusu saa alitoa yai na kulipima kwa jicho.

"Hawa wako sawa," alisema. "Nilitaka kuangalia na hawa wengine, lakini si ulinikatazanga?"

"Ulifanya vizuri, senje."

Skrini ya mashine ya pili ilisema nyuzi 37.2. Lynette aliinakili nambari hiyo kwenye daftari pamoja na saa. Dakika tano baadaye aliinakili tena, 37.2. Mara ya tatu, 37.2. Kalamu ikasimama. Sensa ile haikuwa na utulivu wa namna hiyo; tarakimu yake ya mwisho ilikuwa ikichezacheza tangu siku ya kwanza.

Alifungua mlango. Joto lilimpiga usoni. Kipimajoto cha kioo kilichokuwa ndani kilisoma 42.

Mildred alichukua yai, akalipeleka kwenye ukope, akaliondoa upesi.

"Hili sasa ni la kula kwa chumvi na chai," alisema.

Alianza kufungua matundu yote.

Chanzo hakikuchukua muda kupatikana. Siku ya kumi na nane unyevu hupandishwa ili ganda lilainike. Matone yaliingia kwenye sensa zote mbili, zikaanza kutuma takataka. Draiva aliyoiandika Lynette ilipokea urefu wa ujumbe kama sensa ilivyoutaja, bila kuuhakiki. Kosa lilikuwa moja, mistari ileile kumi na minne, imenakiliwa kwenye mashine zote mbili. Kwenye mashine ya kwanza lilivuka mpaka, likaharibu kumbukumbu ya kerneli, na kompyuta ikafa, hita ikiwa imezimwa. Kwenye ya pili lilikomea chumbani mwake, kama vitabu vinavyosema. Draiva ilikufa, ikawashwa upya, ikafa tena, mara elfu mbili mia sita na kumi na nne. Wakati huo wote programu ya hita, nayo kazi ya Lynette, ilipokosa kipimo kipya ilitumia kile cha mwisho. Cha mwisho kilikuwa 37.2, chini kidogo ya kinachotakiwa, kwa hiyo hita ikaendelea kuwaka. Kompyuta ilikuwa hai, ikakipa king'ora ishara yake kila dakika bila kukosa.

Siku ya ishirini na moja, mashine ya kwanza, iliyokaushwa sensa na kuwashwa tena mchana uleule, iliangua vifaranga mia moja themanini na mmoja. Ya pili iliangua wanne.

Jedwali la Lynette lilikuwa na safu mbili. Mashine ya kwanza ilikuwa imezimika dakika mia mbili na ishirini kati ya elfu thelathini mia mbili na arobaini, yaani ilikaa hai asilimia 99.27. Ya pili, asilimia mia moja. Hakuna tarakimu iliyokuwa ya uongo.

Dkt. Wanzala alilisoma jedwali mara mbili, akavua miwani.

"Nilisema nitasaini nambari," alisema, akasaini. "Ukitetea hivi wiki ijayo, Desemba unavaa joho."

Hakuuliza juu ya mayai. Hayakuwa kwenye pendekezo.

Jumamosi Lynette alirudi Navakholo kuchukua vifaa vyake. Mildred alikuwa akiwamwagia vifaranga mahindi yaliyosagwa.

"Hicho kitabu chako, umeandika vifaranga zangu?"

"Hawakuwa kwenye pendekezo, senje. Nilipima kompyuta."

"Na mimi nilikuwa kwa hiyo pendekezo?"

"Hapana."

"Basi mayai zilikuwa za nani?"

Lynette alifunga waya wa mwisho mkononi, taratibu, akautia mfukoni. Swali lilikuwa la haki. Jioni hiyo aliongeza safu ya tatu kwenye jedwali, na juu yake akaandika: Walioanguliwa.

Utetezi ulifanyika Jumanne asubuhi, mbele ya walimu watano. Safu ya tatu ilipotokea ukutani, Dkt. Wanzala alicheka kwa sauti.

"Kuku wamepiga kura!"

Mwenyekiti, Profesa Chepng'etich, hakucheka. "Kwa hiyo kerneli ya kipande kimoja ndiyo bora?"

"Hapana, Profesa. Ya kipande kimoja ilianguka, na kwa kuwa ilianguka, mtu aliitwa. Kama senje wangu angekuwa sokoni, mayai yale yangepoa yakafa. Kerneli ndogo ilifanya kazi yake yote: kosa halikutoka chumbani. Aliyekosea ni mimi. Niliandika hita inayoamini habari ya zamani, na nikachagua kipimo kisichoona kosa hilo."

"Kipimo chako basi hakifai."

"Kinapima kuwa hai. Hakipimi kusema kweli."

Profesa aliandika kitu. Dkt. Wanzala alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa akiisoma safu ya tatu upya, miwani mkononi.

Uamuzi ulisomwa baada ya nusu saa. Hitimisho halikuthibitishwa, jaribio lirudiwe kwa kipimo kipya. Joho la Desemba lilikuwa limekwenda.

Mlangoni Dkt. Wanzala alimsimamisha. "Ungenyamaza, ungepita."

"Ulisaini nambari, Daktari. Hazikuwa zimeisha."

Alhamisi Lynette alikuwa tena Navakholo, na hita iliyoandikwa upya: kipimo kikipita nusu dakika bila kufika, hita inazima na king'ora kinalia, kompyuta iwe hai ama imekufa. Alimweleza Mildred yote, kisha akaomba mayai mengine mia nne themanini.

Mildred aligonga mlango wa mashine kwa kidole.

"Mlango nitafungua nikitaka."

"Utafungua."

"Na utaandika ninachosema."

Lynette alifungua daftari jipya na kuchora safu tatu: skrini, kipimajoto, senje. Mildred alitoa yai kwenye trei ya kwanza, akafumba jicho, akaliweka kwenye ukope, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Lynette aliandika: 37.5. 37.6. Sawa.