Miaka Kumi na Mmoja ya Kutoinama

Bunrye alikuwa na miaka hamsini na saba daktari wa mjini alipomwambia kwamba pingili za kiuno chake zimelika. Aligonga picha ya eksirei kwa kalamu akasema, "Ukiinama ovyo utapooza." Hakueleza zaidi, foleni ilikuwa ndefu.

Tangu siku hiyo Bunrye hakuinama. Mumewe, Dalsu, akabeba kila kitu: shamba la kabichi, ndoo za maji, hata kumfunga viatu. Msimu wa kutia kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili ya akiba ya baridi, Dalsu alichuchumaa uani peke yake akipaka chumvi kabichi mia mbili, mkewe kakaa kitini akimwelekeza.

"Mama Sukhi, ungefaa ujenerali," alimtania. "Wewe ni kuamuru tu."

Mjukuu akazaliwa, Bunrye asimpakate wala kumbeba. Na kiuno hakikupona. Kadiri alivyokilinda ndivyo kilivyozidi kuuma.

Mwaka wa kumi na mmoja moyo wa Dalsu ulisimama shambani. Walimkuta kalala kati ya matuta, glavu zingali mikononi.

Matanga yalipokwisha, binti yao Sukhi alimpeleka mama yake zahanati, kwenye darasa la wenye maumivu ya mgongo. Mwalimu alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana aitwaye Yunha. Alimpima kwanza, kisha akaitazama ile picha ya zamani.

"Bibi, hali hii ya kulika ni kama mvi," alisema. "Nikiwapiga picha wazee wa hapa, wengi watakuwa nayo, na wengine wanalima bila kuumwa."

"Niliambiwa nitapooza."

"Miguu ingekuwa imelegea, au mkojo unakutoka wenyewe, ningekukimbiza hospitali leo hii. Huna hayo. Maumivu yako ni ya kweli, ila kuumwa siyo kuvunjika. Mwili ukikaa sana bila kazi, ukiguswa kidogo tu unapiga kelele. Tutauzoesha polepole. Hebu niokotee kile kitambaa."

Bunrye alikitazama kitambaa pale sakafuni kama mtu atazamaye kisima. Akashika kiti, akainama. Kiuno kikamchoma, lakini hakuna kilichovunjika. Akainuka na kitambaa mkononi, machozi yakamtoka. Wenzake wakadhani ni uchungu wa mgongo.

"Kumbe ningeweza," alisema. "Miaka yote ile ningeweza kumsaidia."

"Hukujua, bibi. Hakuna aliyekufundisha."

"Nisijue mimi, abebe yeye."

Yunha akavuta kiti, akaketi karibu yake mpaka Bunrye akaacha kulia.

Bunrye akaanza kutembea dakika tano kwa siku, kisha kumi, kisha hadi kwenye daraja na kurudi. Siku nyingine kiuno kilimlaza. Yunha alikuwa amemfundisha kwamba siku kama hizo mtu hupunguza mwendo, haachi. Hivyo akapunguza, wala hakuacha.

Sikukuu ya mavuno ilipofika alipanda mlimani na Sukhi hadi kaburini kwa Dalsu, mahali ambapo tangu mazishi hakuwahi kufika. Akamimina pombe ya mchele kumtolea marehemu, akapiga magoti, akasujudu hadi paji la uso likagusa nyasi. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Mama, inuka, inatosha," Sukhi alisema. "Majani nitayafyeka mimi."

"Acha. Hili tuta ni la kwangu."

Akachuchumaa kando ya tuta la kaburi, akaanza kung'oa magugu kwa mikono, taratibu, akipumzika kila kiuno kilipomdai. Mpaka jua linageuka alikuwa amemaliza upande mmoja tu.